Nimejaribu vitu sita vya kuzuia udokozi nyumbani. Kilichonisaidia ni cha plastiki

Haya jamani, karibuni tena. Leo meza imejaa, mnaona wenyewe: kufuli la namba, kufuli la ufunguo, sefu ndogo, kamera, kile kidude cha kufuatilia vitu, na huu mfuko wa sili za plastiki. Vyote nimenunua kwa hela yangu, hakuna aliyenitumia, na vyote chanzo chake ni bahasha moja.

Bahasha ilikuwa ndani ya begi la nguo, begi liko stoo, na stoo haina mlango wa maana. Siku moja nafungua, nakuta noti zimepungua. Hazijaisha, zimepungua. Na ubaya wa udokozi wa ndani ndio huo. Mwizi wa nje akiingia anasomba, asubuhi unajua umeibiwa. Mdokozi anachukua noti mbili kati ya kumi na tano, halafu wewe unabaki unajiuliza: hivi zilikuwa kumi na tano kweli? Au nilichomoa mwenyewe ile siku nilipokuwa na haraka? Nikaanza kuwaangalia watu wa nyumbani kwa jicho la pembeni. Mdogo wangu akirudi na viatu vipya, mimi kimoyomoyo napiga hesabu. Kuishi hivyo kunachosha kuliko hata hizo noti zilizopotea.

Basi nikafanya wanachofanya wengi, nikakimbilia kufuli.

Tuanze nalo. Hili hapa ni kufuli la namba, tarakimu tatu, la kufungia vichwa viwili vya zipu ya begi. Ngoja nisogeze kamera. Mnaona? Nimelifunga, namba nimezivuruga. Sasa nachukua kalamu ya kawaida kabisa, hii ya kuandikia. Naiweka ncha katikati ya meno ya zipu, mbali na kufuli, nasukuma... hiyo imeingia. Navuta pembeni, zipu yote inaachia. Mkono wangu huu hapa, uko ndani ya begi. Kufuli limekaa palepale, halijaguswa. Na sasa angalieni sehemu inayoniuma: nashika vile vichwa viwili vya zipu, bado vimefungwa pamoja, navipeleka hadi mwisho na kuvirudisha. Begi limejifunga lenyewe. Nani atajua?

Kwa hiyo begi la zipu ya aina hii, zile zenye meno ya uzi wa plastiki, hata ukilifunga kwa kufuli la benki kuu ni kazi bure. Kidogo cha kusaidia ni kufunga vichwa vya zipu kwenye kitu kisichotembea, kama pete iliyoshonwa ubavuni mwa begi. Kalamu bado itafungua, ila vichwa haviwezi kutembea kwenda kufunga tena, na begi litabaki wazi. Angalau utakuta dalili. Likumbukeni hilo neno dalili, tutalirudia.

Halafu kuna makufuli ya safari yenye alama ndogo ya almasi nyekundu na tundu la ufunguo ambao wewe hukupewa. Huo ufunguo ni wa wakaguzi wa viwanja vya ndege. Picha ya funguo hizo ilichapishwa gazetini Marekani mwaka 2014, na mwaka uliofuata watu walikuwa wanasambaza mafaili ya kuzichapa kwa printa ya 3D. Kwa safari sawa, mkaguzi asikate kufuli lako. Kwa stoo, hapana.

Na zile namba zenyewe? Tarakimu tatu ni michanganyiko 1,000, kuanzia 000 hadi 999. Mtu akijaribu mmoja kila sekunde mbili, anamaliza yote kwa dakika thelathini na tatu na kitu. Mwizi wa njiani hana hizo dakika. Mtu wa nyumbani anazo, tena anaweza kuzigawa: leo mia mbili, kesho mia mbili, huku anaangalia televisheni. Na mara nyingi hata hahitaji. Mimi namba yangu ilikuwa inatokana na mwaka niliozaliwa, na nyumbani nani hajui nilizaliwa lini? Kingine niligundua nilipojirekodi: nikifunga, nazungusha gurudumu moja tu la mwisho. Mawili ya mwanzo yanabaki vilevile kwenye namba sahihi. Nimempunguzia mdokozi kazi kutoka mara elfu moja hadi mara kumi. Kalicheki lako sasa hivi, nasubiri.

Kufuli la ufunguo sitalikalia sana. Ni zuri kuliko la namba, mradi upinde wake uwe mnene na usiwe wa kubofya tu ukajifunga, maana hayo ya kubofya mengi yanafunguka kwa kipande chembamba cha bati. Ulaya wana kiwango kinaitwa EN 12320 chenye madaraja 1 hadi 6. Ukikuta kufuli limeandikwa daraja lake, angalau limepimwa. Haya madogo mengi hayana daraja lolote. Lakini jamani, shida kwa kawaida haiko kwenye kufuli. Angalia komeo. Sanduku langu la mbao lilikuwa na kufuli zito la kutisha, na komeo lake limeshikwa kwa skrubu nne zote ziko nje. Bisibisi, dakika mbili, unaondoa komeo pamoja na kufuli lake, unachukua chako, unarudisha. Bawaba nazo vilevile. Na ufunguo wa akiba uko wapi? Kwenye droo ya kitanda. Wote tunajua uko kwenye droo ya kitanda.

Haya, sefu. Hii ndogo ya betri ndiyo ghali kuliko vyote hapa mezani, na ndiyo nilikuwa na matumaini nayo. Imekuja na namba ya kiwandani, imeandikwa kwenye kijitabu, na kijitabu hicho ni kilekile kwa kila aliyenunua sefu kama hii, kwa hiyo kabla hujaweka hata karatasi, badilisha. Hapa mbele nikibandua hiki kifuniko kidogo, kuna tundu la ufunguo wa dharura. Kwa hiyo tumerudi kwenye droo ya kitanda. Ukinunua sefu ya namna hii, ufunguo wa dharura usilale nyumba moja nayo.

Sasa tazameni vitufe, nikiweka tochi kwa ubavu namna hii. Mnaona vitufe vinne vinang'aa? Ni mafuta ya vidole vyangu, wiki mbili za kufungua na kufunga. Namba ya tarakimu nne ina michanganyiko 10,000, lakini nikishajua ni tarakimu zipi nne tofauti, mpangilio unabaki 24 tu. Dawa yake ni rahisi: kila ukimaliza, pitisha kitambaa kwenye vitufe vyote. Na uifunge ukutani au sakafuni, matundu yapo huku nyuma. Isipofungwa, umemfungashia mtu. Nikiipa alama, ni sita kwa kumi. Kwa hati, paspoti na vyeti ningeinunua tena. Kwa hela ya matumizi ya kila siku, hapana, maana unachoka kuifungua, mwisho unaiacha wazi. Mimi niliiacha wazi kwa mara ya kwanza siku ya nne.

Kamera. Hapa nitasema ukweli wangu na wengine mtakasirika. Kamera inafanya kazi. Hii inaamka mtu akipita, inarekodi kwenye kadi yake. Usiiweke nyuma ya kioo, maana usiku ile mianga yake ya infraredi inagonga kioo na kurudi, unapata video ya ukungu mweupe. Kadi ikijaa inafuta za zamani, kwa hiyo ukikagua mara moja kwa mwezi unaweza kukosa. Hayo ya ufundi ndiyo hayo. Lakini nyumbani si dukani. Niliielekeza kwenye mlango wa stoo, na siku tatu nilikaa naangalia watu wangu wanachukua ndoo, wanarudisha ndoo, mama anaongea peke yake anatafuta kandambili. Nilijiona mimi ndiye mwizi. Nikaitoa. Ukiona ni lazima, ielekee kitu chako tu, isiwe chooni, bafuni wala panapolala mtu mwingine, na sauti izime. Nchi kadhaa sheria yake ya kurekodi mazungumzo ni kali kuliko ya picha.

Kifuatiliaji, hiki cha duara, tupite haraka. Hizi za Apple zilitoka 2021, betri ni ile ya CR2032, inakaa takriban mwaka. Ni nzuri kwa begi lililosahaulika. Kwa mwizi zina kasoro ya makusudi: mtu akitembea na kifuatiliaji kisicho chake, simu yake inaweza kumwambia, na chenyewe kinaweza kulia. Imewekwa hivyo ili watu wasifuatiliwe kwa siri, na naunga mkono. Ila noti mbili kati ya kumi na tano haziwezi kubeba kifuatiliaji.

Tumefika kwenye mfuko wa plastiki.

Hizi ni sili, zile za kuvuta zikabana, kama za kwenye masanduku ya kura. Kila moja ina namba yake. Unapitisha hapa, unavuta, krrr, imebana. Kutoka, lazima uikate. Haimzuii mtu yeyote, mtoto anaikata kwa mkasi. Kazi yake ni kukujibu swali moja tu: je, kuna mtu amefungua? Na hilo ndilo swali nililokuwa nalo tangu mwanzo, nikaliruka nikaenda kununua vyuma.

Nilifanya hivi. Nikahamisha bahasha kwenye sanduku la mbao, skrubu za komeo nikazipaka rangi ya kucha yenye vimetameta, nikapiga picha. Vimetameta vinakaa ovyo, huwezi kuvipanga tena vilevile. Watu wa usalama wa kompyuta waliionyesha mbinu hii kwenye mkutano wao kule Hamburg Desemba 2013, wakiitumia kwenye skrubu za laptopu. Nikahesabu noti mara mbili, nikaandika kwenye daftari: tarehe, idadi, namba ya sili. Kila nikifungua mwenyewe, naandika tena.

Wiki ya kwanza nikafungua, sili nzima, skrubu ziko vilevile, na hesabu imepungua noti moja! Moyo ukanilipuka. Kusoma daftari: nilichukua mwenyewe Jumanne, mwandiko wangu, kalamu yangu. Fikirieni bila daftari ningemwangalia nani.

Wiki ya tatu sili ilikuwa imefungwa vizuri, imebana, haina mkwaruzo. Nikataka kupita. Nikasoma namba. Daftari linasema inaishia na 18, hii inaishia na 23. Mtu alikata yangu, akafunga nyingine, kwa sababu mimi mjuaji mfuko wa sili za akiba niliuacha juu ya kabati hapohapo stoo. Noti zilikuwa zimepungua tatu.

Sikupiga kelele. Nililiweka daftari mezani na ile sili pembeni yake, nikasema kuna mtu anafungua sanduku langu, na simtuhumu yeyote leo. Usiku mmoja wao akanifuata chumbani. Jina lake halihusu video hii. Alikuwa na deni na aliona aibu kusema. Tulilimaliza.

Alama ya sili ni tisa. Moja nimeikata kwa sababu yangu mwenyewe. Huu mfuko siku hizi unatoka na mimi, unarudi na mimi. Huu hapa, unaingia kwenye begi la kazini kabla hata sijazima kamera.