Lenzi ya Mara 10 kwa Mtafiti wa Likeni za Ukoko

Lenzi hii ya mkononi, inayokuza mara 10 na yenye taa mbili ndogo, moja nyeupe na nyingine ya urujuanimno, nimeitumia mwaka mzima kwa kazi moja tu: kutambua likeni za ukoko kwenye magome ya miti mikongwe. Likeni ya aina hiyo, ambayo ni kuvu na mwani wanaoishi pamoja kama kiumbe kimoja, hung'ang'ania gome kiasi kwamba huwezi kuibandua bila kuondoka na gome lenyewe; kwa hiyo chombo cha kuichunguza palepale ilipo, bila kisu, kina thamani kubwa mno pale unapokutana na spishi adimu iliyobaki viraka viwili au vitatu.

Kioo chake ni lenzi tatu zilizounganishwa, na taswira hubaki safi hadi ukingoni. Ukiiweka jichoni kisha ukalisogelea gome hadi takriban sentimita 2.5, ile mistari myeusi ya Graphis, jenasi ya likeni za ukoko, inayofanana na mwandiko, hudhihirika kuwa ni vizalio vya kuvu, yaani sehemu zake za kuzaliana, vyenye ufa katikati. Vizalio vya Thelotrema lepadinum, likeni ambayo Ulaya huhesabiwa kuwa dalili ya msitu wa kale, huonyesha kuta mbili, moja ndani ya nyingine, na hapo ndipo nilipoipenda lenzi hii. Ile ya mara 20 niliyokuwa nayo awali ilinilazimu kukaribia mno, hata kichwa changu kikaziba mwanga.

Taa ya urujuanimno ina urefu wa wimbi wa nanomita 365, uamuzi sahihi kabisa, kwa kuwa likeni zenye kemikali iitwayo likizanthoni hung'aa njano chini yake, ilhali taa za nanomita 395 hutoa zambarau nyingi inayoufunika mng'ao hafifu.

Kasoro ninazo mbili: bawaba imelegea mapema, na kioo hushika ukungu katika msitu wenye unyevu, yaani mahali hasa zinapostawi likeni nyingi. Spora za kuvu, yaani chembe zake ndogo za kuzaliana, lenzi hii haitazionyesha. Hizo zinahitaji darubini ya maabara. Wala lenzi haiondoi wajibu wa kuandika aina ya mti, ulaini wa gome, upande wa shina na kiasi cha mwanga. Gome likilowa, subirini likauke kwanza, maana likeni iliyolowa huonekana ya kijani zaidi kuliko rangi yake halisi.