Nimelipia klachi ambazo hazikuwepo kwenye difu ya Chevelle yangu

Nyota moja kwa gereji iliyotengeneza difu yangu. Naandika nikiwa na hasira kwa hiyo mtanivumilia, na asije mtu kuniambia ningenunua Camry, Camry ninayo, ndiyo inanipeleka kazini.

Iko hivi. Hapa Houston nina Chevelle ya 1971, gari la Chevrolet, niliichukua mwaka juzi kama sikosei, au ule wa nyuma yake, kwa mzee mmoja anayekaa nje kidogo ya mji. Kilichonivuta ni maneno aliyoandika kwenye tangazo: 12-bolt, posi. Kwa wasiozijua hizi gari, difu ni lile boksi la gia la nyuma linalogawa nguvu kwa tairi mbili, na 12-bolt ni ile ambayo kava lake lina bolti 12. Difu ya kawaida tairi moja likikosa mshiko ndilo linalopewa mzunguko wote, mwenzake amekaa anatazama tu. Posi ina klachi ndani zinazobana ekseli mbili zisikimbiane. Chevrolet waliiita Positraction, Pontiac wakasema Safe-T-Track, Chrysler wao Sure-Grip, kila nyumba na jina lake ila kazi ni ileile. Na mimi niliwahi kukwama kwenye nyasi mbichi mbele ya wakwe, tairi moja linarusha matope, kwa hiyo nilikuwa na kiu nayo kwelikweli.

Sikununua kama kipofu, naomba hilo lieleweke. Nililala chini nikahesabu bolti za kava, 12. Nikasugua kutu kwenye bomba la ekseli upande wa kulia kwa brashi ya waya mpaka herufi za kiwanda zikaonekana, nikazilinganisha, zikasema posi. Mzee akapiga jeki nyuma yote, akaweka gia neutral, akazungusha tairi la kushoto, la kulia likafuata upande uleule. Kwenye difu ya kawaida lingezunguka kinyume. "Posi," akasema, akajifuta mikono. Nikalipa.

Sasa zile herufi zinakwambia gari lilitoka na nini kiwandani. Hazikwambii ni nani kaingiza mkono humo miaka hamsini iliyofuata. Hili nimelijua baadaye, kwa hela yangu.

Wiki ya kwanza tu, kila nikikata kona ya kubana, parking au kwenye kituo cha mafuta, nyuma inalia kwi, kwi, kwi, tairi linaruka kama lina kwikwi, na siku ya mvua gari lilikataa kukunja kabisa likaenda moja kwa moja nusura nipande kingo ya barabara. Nikaambiwa na watu posi ikikosa ile dawa ya kuchanganya na oili klachi zinashika vibaya na zinalia hivyohivyo. Ni kweli, huwa zinalia. Nikaweka chupa moja, nikazunguka kwa umbo la namba nane kwenye parking ya kanisa Jumatatu usiku kama mwendawazimu, maana ndivyo inavyotakiwa ili dawa iingie kwenye klachi. Wapi. Nikaongeza ya pili.

Ndipo nikaenda kwa hawa jamaa. Siwataji, ila ni gereji ya difu na giaboksi, bango kubwa, kiyoyozi, kahawa ya bure. Yule wa kaunta hakuinuka kwenye kiti. Nikamweleza, akasema klachi zimeisha, dola 640, klachi mpya springi mpya oili mpya. Nikasema naomba niwepo mkifungua. Bima hairuhusu. Jamani, fundi wa Gerezani kule Dar pamoja na kelele zake zote anafungua difu mbele ya macho yako umekaa juu ya ndoo ya rangi, na spea iliyokufa anakupa mkononi uende nayo nyumbani. Hapa nimepewa kahawa.

Siku nne baadaye gari limerudi na karatasi safi imechapwa kila kitu. Nikatoka getini, kona ya kwanza: kwi, kwi, kwi.

Nikarudi. "Zinahitaji kuzoeana." Nikaenda, nikarudi tena baada ya wiki kadhaa, "endesha zaidi." Mara ya tatu, na hii ndiyo inayoniwasha mpaka leo nikiwa naosha vyombo, yule wa kaunta hakutoa hata macho kwenye simu, akasema, "Hilo gari lina miaka hamsini, ulitaka liimbe?" Wateja wawili nyuma yangu wakacheka. Mimi mtu mzima, nimevaa shati la kazini, nimeshika risiti ya 640, nachekwa. Nikakosa jibu. Majibu mazuri yote yalinijia nikiwa barabarani, kama kawaida.

Ila nitende haki. Kijana mmoja fundi wao, ovaroli kubwa kumzidi, alinifuata nje kama anaenda kutupa takataka, akaniambia polepole, "Bro, fungua kava mwenyewe. Ni bolti 12 tu." Akarudi ndani. Kwa huyo nyota ziwe mbili.

Jumamosi nikamwita jirani yangu Mkenya, tukainua gari kwenye stendi, sinia chini. Kabla hata ya kushika spana akaniuliza kitu kilichonikata miguu: "Hii kava walifungua saa ngapi?" Maana rangi nyeusi ya zamani ilikuwa imefunika kava na vichwa vya bolti vyote, imeshikana, haijapasuka hata sehemu moja. Bolti ikifunguliwa rangi inapasuka, mtoto wa shule anajua. Macho ninayo, miezi yote nilikuwa nalala chini ya hilo gari natazama, na sikuona.

Tukafungua. Oili ikatoka nyeusi kama lami, inanuka, hiyo ndiyo "oili mpya". Ndani zile gia ndogo za katikati, zinazoruhusu tairi la nje lizunguke zaidi ya la ndani kwenye kona, zimechomelewa na zile za ekseli. Welding nene, ya mtu aliyekuwa na haraka. Jirani akasema, "Wueh! Boss, hii imeweldiwa."

Hakuna klachi. Hazijawahi kuwepo tangu nimenunua, kuna mtu aliitoa posi akaweka difu ya kawaida akaichomelea, labda kwa mashindano ya kukimbia moja kwa moja ambako kona haihusu. Na ndiyo maana kipimo cha mzee kilifaulu, tairi zilifuatana kwa sababu hazina namna nyingine! Na posi halisi ambayo klachi zake zimelika inaweza ikazunguka kinyume kama difu ya kawaida, ukadhani siyo posi. Yaani kipimo ambacho kila mtu anakisifia kinadanganya pande zote mbili. Ningejua, ningeweka gia ya parking, nyuma yote iko juu, nikasukuma tairi moja kwa bomba refu: klachi zinabana ila mwisho zitateleza, iliyochomelewa haisogei ng'o, labda ule mchezo mdogo wa gia basi. Au fungua kava. Fungua kava tu.

Nikarudi na picha. Unajua yule wa kaunta alisema nini? Huenda karatasi zilichanganywa na gari lingine. Eti karatasi! Wakarudisha nusu, nusu nyingine wakaniandikia kredit ya huduma, halafu akaniambia nikitaka posi ninunue na seti nzima ya gia. Nilikuwa nimeshahesabu meno, 43 kwa 13, yaani 3.31, na lile gamba la ndani linaloshika gia, la aina wanayoiita 3-series, linabeba uwiano mpaka 3.73, kwa hiyo gia zangu zinabaki zilezile. Nikamwambia. Akarudi kwenye simu yake. Nyota moja, nimeifuta ya pili, samahani kijana.

Kazi ameifanya mzee mmoja wa Kimeksiko kwenye gereji ya nyumbani kwake. Nikanunua difu inayoitwa Truetrac, hii haina klachi, ni gia za mshazari zinazobana zenyewe zikipata mzigo, wala haitaki ile dawa, zile chupa zangu mbili nilizichezea bure. Pini ya katikati ilikuwa imeshikwa na ile welding, ikabidi akate kwa grainda ndipo zile klipu za ekseli zikatoka, akasafisha kila pembe, akapanga shimu, zile bati nyembamba za kuweka gia sawa, akapaka rangi ya njano kwenye meno akazungusha akatazama alama, hakupenda, akafungua upya, mara mbili hivyo. Mimi nimekaa juu ya ndoo. Ya rangi! Hakuniambia habari ya bima.

Na hapa lazima niseme ukweli wangu. Usiku ule baada ya kumlipa, gari bado liko kwenye stendi, nikajifanya mjuaji, nikaweka neutral nikazungusha tairi moja. Lingine likazunguka KINYUME. Nililipuka. Zile hasira zote za yule wa kaunta nikazimwaga kwa mzee wa watu saa tatu usiku, nikamwambia na wewe mwizi kama wao, mke wake akafungua pazia. Akaniacha nimalize. Akasema Truetrac isipokuwa na mzigo hujifanya difu ya kawaida, hewani hakuna cha kuzidisha, sifuri mara ngapi ni sifuri. Halafu akashusha gari, akanipeleka kwenye kiwanja cha nyuma chenye nyasi zenye umande, tairi moja kwenye tope, akasema kanyaga, na likianza kuteleza gusa breki kidogo. Gari likatoka kama limesukumwa na mtu.

Nikamwomba radhi. Akasema wote huja na kipimo hicho. Nimempelekea mkewe ndizi za kukaanga, sijui kama inatosha.

Sasa kona zote kimya, mvua ikinyesha naondoka taa ya kijani bila kutetemeka, na ukiniuliza Truetrac ni nzuri kuliko posi ya klachi sijui, kwa tope zito la mguu mmoja hewani labda ya klachi inaishinda, lakini mimi siendi tope, naenda kanisani na kwa wakwe.

Oili ya Camry inakaribia kubadilishwa na ile kredit bado ipo. Sijaamua. Nikienda, nachora filta na maka peni kwanza.