TAHADHARI mafundi: hizi seti za bisibisi za kubadilisha vichwa zinazouzwa mtandaoni, loki haishiki na vichwa ni laini

Mafundi wenzangu naomba msome hii kabla hujamtumia mtu hela ya bisibisi. Mi ni fundi fanicha, nipo Keko hapa Dar, makabati ya nguo na ya jikoni ndo kazi yangu ya kila siku, na wiki mbili zilizopita nimepigwa sh 130,000 kwa seti mbili. Hela inauma jamani, ila naandika hasa kwa sababu ya mkono wa kijana wangu ninayemfundisha kazi.

Ilikuwa hivi. Nikakutana na video, jamaa kaweka seti juu ya meza ya kijani, mpini wa racheti (unakaza upande mmoja, ukirudisha mkono haufungui skrubu) unaokunjika ukawa kama bastola au ukanyooka, una kitufe cha kulock, na mdomoni una kola, unaivuta unaingiza kichwa, ukiachia kinashikwa. Anafunga skrubu ndefu kwenye mbao ngumu, inazama yote mpaka kichwa, mpini hautikisiki. Vichwa vimepangwa kwenye boksi, nyota, bapa, toksi, heksi, na sokoti ndogo juu yake. Sh 65,000. Kwa mtu anayejua bei za vifaa hiyo sio bei ya bure kiasi cha kukustua, na hapo ndo aliponikamata, angesema 15,000 ningejua feki. Nikaagiza mbili, moja yangu moja ya kijana.

Mzigo ukaja na boda. Boksi limezungushiwa selotepu mpaka halionekani, namwambia nifungue nione anasema "bro mi nimetumwa tu, lipa kwanza ndo ufungue, bosi kasema hivyo". Nikalipa. Jina lililotokea kwenye simu ni la mtu binafsi, halifanani hata kidogo na jina la duka, nikaliona na bado nikabonyeza, maana mteja wa Kigamboni alikuwa ananipigia kila baada ya dakika tano na bado nilikuwa na pantoni ya kuvuka.

Tumefika kwa mteja tunafunga bawaba za milango ya kabati. Kijana kafunga skrubu kama kumi hivi, naona anasukuma kwa nguvu, namuuliza vipi, ananionyesha kichwa: zile kona nne za nyota zimelika zimekuwa duara, inazunguka tu ndani ya skrubu. Tukabadilisha kichwa kingine. Sasa hiki cha pili ndo kijana alikuwa anakikaza, kaegemea na kifua, kile kitufe cha mpini kikaachia chenyewe, mpini ukajikunja, kola ikakitema kichwa, chuma kikamwingia kwenye kiganja chini ya kidole gumba. Nyuzi 4 zahanati. Kazi ya siku nzima ikaishia pale.

Usiku nikaufungua ule mpini. Racheti nzuri ndani inakuwa na gia ya chuma na ulimi wa chuma unaoshika meno, hii ulimi wake ulikuwa umekatika katikati, na pale ulipokatika rangi ya kijivu yenye chengachenga kama biskuti iliyomegwa. Hiyo ni zinki ya kumimina kwenye kalibu afu wakaipaka kromu juu ing'ae. Nikaweka sumaku, haishiki hata kidogo. Kijipini cha kitufe cha loki nacho ni hivyohivyo, kimelika upande mmoja kwa kazi ya asubuhi moja tu!

Vichwa vyenyewe vyote vimegongwa "S2". S2 ya kweli ni chuma kigumu hasa, kimetengenezwa kuhimili kupigwa na kukazwa. Hivi nikachukua tupa ya kawaida nikapitisha kwenye kona, tupa ikala kama inakula msumari. Na kitu kingine ambacho mafundi wengi tunakipita: kwenye boksi kuna kilichoandikwa PH2 na kilichoandikwa PZ2, hivyo ni vitu viwili tofauti, PH ni nyota ya kawaida, PZ ina vijimistari vyembamba katikati ya mikono ya ile nyota, na skrubu nyingi za chipboard na MDF (zile mbao za kugandamizwa) ni za PZ, ukitumia PH inapanda na kuruka. Kwenye seti yangu vyote viwili umbo moja, kalibu moja, maandishi tofauti. Nasema hili kwa sababu nilipomlalamikia muuzaji jibu lake la kwanza ni kwamba natumia kichwa kisicho sahihi.

Jibu la pili, "tuma picha". Nikatuma. La tatu, "subiri bosi yuko safarini". Baada ya hapo kaniblock. Siku nne baadaye mke wangu ananiletea simu yake, ukurasa mwingine, jina jingine kabisa, video ni ileile, meza ileile ya kijani yenye alama ya kuungua pembeni, na sehemu ya maoni imefungwa hakuna anayeweza kuandika kitu. Nadhani seti ya kwenye video ni nzima kweli, ila inayoletwa na boda ni nyingine.

Mafundi umeme nawaomba sana hapa. Huyohuyo anauza na bisibisi za kubadilisha vichwa zenye mpini mwekundu na njano, zimeandikwa 1000V. Kifaa cha umeme cha kweli kinawekwa ile alama ya pembetatu mbili pamoja na hiyo 1000V, na chuma chote kinavikwa plastiki mpaka karibu na ncha, hata zile za kubadilisha zinakuwa na vyuma virefu vilivyovikwa. Hizi zake zinatumia vichwa vifupi vya kawaida, chuma uchi, na kola ya chuma uchi pale kidole kinapokaa. Rangi haizuii umeme ndugu zangu. Nyumbani kwako una volti 230, kwenye fezi tatu 400, kidole kikigusa kola hiyo umekwisha.

Ukitaka seti, mi saizi naenda mwenyewe kwenye maduka ya vifaa mtaa wa Gerezani, foleni au hamna foleni, na sumaku ndogo na tupa ndogo mfukoni. Sumaku nagusisha kwenye mpini na kichwa cha racheti, isiposhika naondoka, ila ikishika sio kwamba umemaliza, chuma laini nacho kinashika. Tupa napitisha kidogo kwenye kona ya kichwa kimoja, ikiteleza sawa, ikila rudisha. Afu nalock mpini nausukuma kwa kiganja nikiwa nimeulalia ukutani, sio kuuchezesha kwa vidole viwili kama tunavyofanya dukani. Muuzaji wa halali hakukatazi, niliyenunua kwake juzi alinipa na skrubu na kipande cha mbao nijaribu, na risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, juu. Wa mtandaoni akigoma ufungue boksi mbele ya boda, mwache boda arudi nalo.

Namba niliyolipia nimeshaituma 15040, ile namba ya kuripoti matapeli wa simu, na malalamiko napeleka Tume ya Ushindani, FCC, maana kupambana na bidhaa feki ni kazi yao, Sheria ya Alama za Bidhaa ipo tangu 1963. Kama na wewe umeletewa boksi la hivyo tunza kila kitu, meseji za muamala, boksi, hata ile selotepu, na piga picha kichwa kilicholika kwa karibu. Tukienda watu kumi inakuwa rahisi kuliko mimi peke yangu.

Kijana nyuzi zinatolewa Ijumaa, kidole gumba bado hakikunji vizuri. Seti ya pili sijaigusa, ipo karakana na selotepu yake, anayetaka kuiona kabla hajaagiza aje Keko tuifungue pamoja.