Nilivyookoa rangi ya Vitz yangu na 9,700 (mbali na 2,500 niliyotupa kwanza)

Vitz yangu ni nyeusi, na mtu yeyote amewahi kumiliki gari nyeusi Nairobi anajua hiyo ni ndoa ya aina gani. Asubuhi ikiwa kwa kivuli inang'aa mpaka unajiona mtu wa maana, ikifika saa saba jua liko juu ya utosi unaona boneti yote imejaa vimiduara kama utando wa buibui, kila mahali mwanga unagonga. Nilikuwa nimezoea. Gari nilinunua inipeleke kazi na imshukishe mtoto shule, si ya maonyesho.

Sasa kuna Jumapili moja niko jikoni napika chapo, kijana wangu wa miaka sita akaniita, mami kuja uone nimekuoshea gari. Nikatoka na unga bado mikononi. Alikuwa ametumia stilwuli. Ile ya sufuria. Mlango wa mbele upande wa kushoto wote na nusu ya fenda, na si mchezo, alisugua vile anaonaga mimi nikisugua sufuria ya ugali imeshika chini. Nikacheka, alafu nikaingia ndani nikalia kidogo, alafu nikarudi nikamwambia asante juu ungemwambia nini.

Ongeza hapo skrachi ya bampa ya nyuma niliyoachiwa na boda kwa jamu ya Jogoo Road, akajipenyeza katikati, kile chuma cha kukanyagia kikachora mstari kama wa rula na mwenyewe hakugeuka hata. Kwa hivyo nilikuwa na mikwaruzo aina tatu, ya buibui, ya stilwuli na ya boda, na nawaambia mapema hizo si ugonjwa mmoja, ingawa kila fundi nilimuuliza alikuwa na dawa moja.

Fundi wa rangi wa kwanza, huko Kariobangi Light Industries, aliangalia mlango akaniambia "mathe, hii ni kurudia rangi tu." Mathe! Nina miaka 34. Akasema 6,000 kila paneli, ama gari nzima 85,000 na atanitengenezea mpaka nitafikiri imeshuka meli jana. Sikuwa na 85,000, sikuwa hata na 12,000 ya mlango na fenda, mwezi huo nilikuwa nimepanga isizidi elfu kumi yote.

Ndio nikaingia kwa hiyo ya 2,500. Sitataja jina, ni mahali pa kuoshea magari si mbali na kwetu Donholm, wameandika bango kubwa kwamba wanatoa skrachi zote. Vijana wawili, mashine moja inazunguka na kulia kama ya kukata vyuma, dakika arobaini wamemaliza. Na maze iling'aa! Nilipiga picha nikatumia dada yangu, akaniuliza kama nimenunua ingine. Wiki mbili baadaye, mvua imenyesha mara kama tatu na nimeosha na sabuni mara mbili, buibui wote wakarudi nyumbani. Na wakaja na wageni, juu sasa kwa boneti kulikuwa na mawimbi ya mwanga yanakufuata ukitembea.

Hapo ndio nilianza kusoma na kuuliza watu wanaojua, na hii sehemu mnisikilize vizuri hata kama mtasahau zile zingine. Rangi ya gari ni tabaka juu ya tabaka, chini kuna praima, alafu rangi yenyewe, alafu juu kabisa klia, haina rangi, ndio inaleta huo mng'ao na kukinga rangi na jua. Hiyo klia kwa kawaida ni maikroni 40 mpaka 50 hivi. Unywele wako ni kama 70. Yaani kile kitu kinasuguliwa na kila mtu mwenye kitambaa Nairobi ni chembamba kuliko unywele, na hakioti tena. Buibui ni mikwaruzo midogo ndani ya hiyo klia. Kuitoa kabisa ni kuisugua klia yenyewe mpaka ilingane na chini ya mkwaruzo, hakuna dawa ya kuijaza irudi kama zamani. Wale wa 2,500 walipaka kitu cha mafuta mafuta kinachojaza mikwaruzo, sabuni ikakiosha, basi. Na yale mawimbi ni alama za mashine ya kuzunguka tu, ile rotari, ikishikwa na mtu ana haraka.

Kujua mkwaruzo umeingia wapi unatumia ukucha. Pitisha polepole kukata mstari. Ukucha ukiteleza, uko kwa klia, kampaundi (ile krimu ya kusugulia klia) itautoa ama itaufanya usionekane sana. Ukucha ukikwama, kampaundi peke yake wacha ndoto. Mlango wangu mistari mingi iliteleza, kama sita hivi ilikwama. Ya boda hata hukuhitaji ukucha, plastiki ilikuwa inakuangalia.

Nikaenda Kirinyaga Road Ijumaa nimetoka kazi, wazee bado wanaiita Grogan. Hapo utauziwa kila kitu, shida ni kujua nini ni nini, juu Turtle Wax na Meguiar's ziko na pia mikebe inafanana nazo iko. Mimi nilinunua kampaundi ya chupa 1,450, polishi laini 1,200, klei 900, pedi tatu za mkono 450, vitambaa sita vya maikrofaiba 600, maskingi tepu 150, waksi 850. Ukijumlisha ni 5,600. Muuzaji alitaka kunipa kampaundi nzito ya mkebe, ile ya fundi wa rangi, ati ndio inakula haraka. Ndio hiyo sitaki ndugu yangu, kwani nimekuambia nina klia ya kulisha mtu?

Jumamosi asubuhi nikaanza. Maji ya mgao yalikuwa yamekuja usiku kwa hivyo nilikuwa na mitungi mitatu imejaa, asante Mungu. Nikaosha na sabuni ya vyombo mara moja tu ili waksi zote za kubandika zitoke, hiyo usiifanye kila wiki. Alafu klei. Hii klei ni kitu cha ajabu, ni kama ule udongo wa watoto wa kuchezea, unalowesha paneli na maji ya sabuni unaiteleza juu yake, inang'oa uchafu umeshikana na rangi hata baada ya kuosha. Pitisha mkono ndani ya mfuko wa nailoni kabla na baada utasikia tofauti, kabla ilikuwa kama msasa, baada ilikuwa glasi. Ikianguka chini tupa hicho kipande, usijaribu kukiokoa, mchanga ukiingia umejiletea stilwuli ya pili. Mimi kilianguka. Nikakitupa moyo ukiuma.

Maskingi nikaweka kwa raba za dirisha na kwa kingo za mlango, hapo kwa kingo klia huwa nyembamba zaidi, alafu nikajaribu mahali padogo kwanza, kama ukubwa wa daftari. Kampaundi matone manne kwa pedi, unasugua kwenda na kurudi alafu juu na chini, kwa nguvu ya kiasi, kwa kivuli na bati likiwa baridi, dakika tatu nne, unapangusa, unaangalia na tochi ya simu. Mara ya kwanza hakuna kitu. Mara ya pili hakuna kitu, nikaanza kuhesabu ile 5,600. Mara ya nne, maze, nikaona uso wangu bila buibui, kipande cha daftari moja tu katikati ya mlango umejaa mikwaruzo. Nilimwita jirani aje kuona, akaona, akaniuliza "Mama Junia, kwa hivyo utafanya gari yote hivyo?"

Sikufanya. Mlango mmoja na ile nusu ya fenda vilinimaliza saa tatu na bega la kulia kesho yake halikuinuka hata kufungua kabati. Kwa mkono inawezekana, nimefanya, lakini ni kwa paneli moja ama mbili, mtu asikudanganye utamaliza gari nzima wikendi. Na kwa nyeusi kampaundi pekee inaacha ukungu fulani hivi, lazima urudie na polishi laini ndio weusi urudi.

Boneti, paa na buti nikatafuta mtu. Huyu alikuja kwa kupendekezwa na jamaa wa ofisini, akaja na boda, begi mgongoni, kijana mpole. Akatoa mashine na nikaangalia kama soja wa benki, nikauliza kama ni rotari. Akacheka, "hapana sista, hii ni DA." (Sista. Huyu nilijua tutaelewana.) DA inazunguka na pia inatikisika kwa wakati mmoja, joto halikai mahali pamoja, kuchoma rangi nayo ni ngumu zaidi ingawa ukiwa mjinga utafaulu. Alinichaji 3,500 na kutumia kampaundi yangu mwenyewe, nilitaka hivyo ili nijue nini kinapakwa. Alichukua saa nne na nusu. Alifanya kipande cha futi mbili kwa mbili kabla ya kuhamia kingine, pedi anaisafisha kila mara, na akakataa kugusa paa baada ya pasi mbili, akaniambia hapa jua limekula tayari, nikiendelea utaniita baada ya mwaka. Nairobi tuko karibu mita 1,800 juu ya bahari, jua la hapa halina adabu, na klia ikiisha ndio unaona zile Probox paa limemenyuka jeupe jeupe kama ngozi ya mtu alienda Mombasa bila kofia. Nilimheshimu sana kwa kukataa pesa rahisi.

Kabla apake waksi nilimwomba tupanguse boneti na isopropili, ile spiriti ya kusafishia, nimechanganya na maji nusu kwa nusu. Hiyo ndio kipimo, inatoa mafuta yote, kama kuna mkwaruzo umefichwa utajitokeza hapo hapo. Haukujitokeza. Ningejua hiyo siku ya 2,500 ningewapangusia mbele yao.

Ile mistari sita ya stilwuli, miwili aliipitisha msasa wa maji namba 3000 polepole alafu akaisugua, ikaisha. Minne akasema tuache. Ukikaa mita mbili huioni, ukipiga magoti utaiona, na mimi si mtu wa kupigia gari magoti.

Bampa ndio imenishinda. Niliangalia kile kibati cha kiwandani (si namba pleti), mahali pameandikwa C/TR, hiyo ndio namba ya rangi, yangu ni 209, nikachanganyiwa kachupa ka 600 na brashi yake. Namba ilikuwa sawa, tatizo ni kwamba 209 ina vile vimetameta ndani, ukipaka na brashi havilali vile hulala vikipuliziwa, kwa hivyo saa hii nina mstari mweusi juu ya mweusi, kwa kivuli huuoni, kwa jua ni kama mtu ameandika kitu akafuta. Afadhali kuliko plastiki. Sifa zangu kwa hiyo touch-up ya brashi ni tatu kwa kumi, na hizo tatu ni za kuzuia aibu.

Kampaundi ya chupa naipa nane. Klei tisa. Kijana wa DA kumi, sitabishana na mtu. Waksi ya 850 naipa sita, maji yaliacha kutengeneza matone baada ya wiki saba hivi, nikarudia.

Sasa ni miezi mitano. Buibui wachache wamerudi kwa ule mlango wa kushoto, na najua siku walirudi, nilikuwa na haraka nikaacha gari kwa vijana wa kuosha mtaani, nikapata mmoja anapangusa na kile kitambaa ametoka kupangusa nacho rimu. Siku hizi naosha mwenyewe, ndoo mbili, moja ya sabuni na moja ya kusuuzia glavu, na nikishindwa nawapa maikrofaiba yangu nasimama hapo hapo. Wananiona mjuaji, sawa tu. Kijana wangu naye nimempa glavu yake na kazi yake ni magurudumu peke yake, stilwuli imehamia kabati la juu karibu na sukari.

Bampa nikipata 5,000 ya kuchezea nitaipeleka ipuliziwe yote. Mathe atarudi Kariobangi.