Aider kwenye terminali: uzoefu wangu wa kuisakinisha na kuipanga

Nimefanya kazi na Aider, msaidizi wa kuandika msimbo kwa akili bandia, muda wa kutosha kusema wazi kwamba naipenda, na sababu kubwa ya kuipenda ni faili tatu ndogo ambazo mtu huziandika mwenyewe kabla hajaituma kazi: `.aider.conf.yml`, `CONVENTIONS.md` na `.aiderignore`. Wengi wanaisakinisha, wanaipa swali moja, wanapata msimbo wa kawaida usio na ladha ya mradi wao, kisha wanaiacha. Wanaondoka kabla ya kufika mahali inapoanza kuwa na faida.

Kwa asiyeifahamu: Aider ni programu huria iliyoanzishwa na Paul Gauthier mwaka 2023. Inafanya kazi ndani ya terminali (dirisha la kuandika amri), juu ya ripo yako ya Git, yaani folda ya mradi inayotunza historia ya mabadiliko. Yenyewe haina akili. Inaunganisha mradi wako na modeli ya lugha unayoichagua wewe, iwe ya Anthropic, OpenAI, DeepSeek, au modeli inayokaa kwenye laptopu yako. Mwaka 2025 zilitoka nyingine nyingi za aina hii, kama Claude Code, Codex CLI na Gemini CLI, na hizo zina tabia ya kuzunguka zenyewe ndani ya mradi zikitafuta faili. Aider kwa kawaida inakusubiri wewe uiambie faili ipi iguswe. Kuna watu jambo hilo linawachosha. Mimi natengeneza mfumo wa akiba na mikopo wa SACCOS hapa Mwanza, mfumo unaobeba fedha za watu, na nataka kujua mapema faili gani inafunguliwa na kwa nini.

Kuisakinisha ni rahisi. Unaandika `python -m pip install aider-install`, kisha `aider-install`, na inajiwekea mazingira yake ya Python mbali na ya mradi wako. Kama Python uliyonayo haiifai, inajiletea ya 3.12 pembeni. Hili nalitaja kwa sababu mashine zetu nyingi zina Python ya mradi huu, ya mradi ule, na ile iliyokuja na Ubuntu, na programu inayoingia bila kugombana na hizo zote inastahili shukrani.

Baada ya hapo unahitaji ufunguo wa API, yaani msimbo wa siri unaokuruhusu kutumia modeli kwa malipo, na ufunguo unataka kadi. Kwa Tanzania hili limekuwa jepesi kuliko zamani, maana kadi za mtandaoni zinazotolewa kupitia pesa za simu zinakubalika sehemu nyingi. Ushauri wangu ni kuweka salio dogo la kulipia kabla, na kuzima chaguo la kujiongeza lenyewe. Ufunguo wenyewe unakaa kwenye faili la `.env`, na Aider inapoanza inapendekeza kuongeza mafaili yake na hilo la `.env` kwenye `.gitignore`, orodha ya yasiyoingizwa kwenye Git. Kubali. Ufunguo uliovuja kwenye ripo ya wazi hauchukui muda kuokotwa.

Sasa mipangilio. Aider inatafuta `.aider.conf.yml` sehemu tatu: kwenye folda yako ya nyumbani, kwenye mzizi wa ripo, na pale ulipo. Inayosomwa mwisho ndiyo yenye nguvu. Kwa hiyo mambo ya jumla nayaweka nyumbani, na ya mradi nayaweka kwenye ripo. La mradi wangu liko hivi:

```
model: sonnet
read: CONVENTIONS.md
chat-language: Swahili
test-cmd: pytest -q
auto-test: true
cache-prompts: true
```

Mstari wa `chat-language` ndio uliobadilisha sana namna ninavyofanya kazi. Ninafikiria masuala ya mikopo kwa Kiswahili, kwa sababu mhasibu na wajumbe wa bodi wanayaeleza kwa Kiswahili. Zamani nilikuwa nageuza maelezo yao kwenda Kiingereza kabla ya kuyaingiza kwenye mashine, na kila mara kulikuwa na kitu kinapotea njiani. Sasa nachukua maneno ya mhasibu yalivyo kwenye WhatsApp, nayasafisha kidogo, nayabandika. Modeli kubwa zinaelewa vizuri tofauti ya riba na faini, hisa na akiba, mkopo uliopitishwa na mkopo uliotolewa. Maelezo zinayorudisha ni Kiswahili cha kueleweka, ingawa mara nyingine kinakuwa rasmi mno.

Kwa `cache-prompts`, kama unatumia modeli zinazoikubali, sehemu zisizobadilika za mazungumzo hazitozwi bei kamili kila unapoandika. Kwa anayelipa kwa shilingi zilizogeuzwa dola, iwashe. Na kila baada ya jibu Aider inakuandikia tokeni (vipande vya maneno ambavyo modeli inavihesabu na kuvitoza) zilizotumwa, zilizopokelewa, gharama ya ujumbe huo na gharama ya kikao kizima. Sijaona njia bora ya kumfundisha mtu nidhamu. Ukiona ujumbe mmoja umepanda ghafla, unaandika `/tokens`, unaona faili gani imekaa humo bila kazi, unaitoa kwa `/drop`.

Faili la `CONVENTIONS.md` ndilo ninaloliheshimu kuliko yote. Jina halina uchawi, unaweza kuliita unavyotaka. Kinachofanya kazi ni ule mstari wa `read`, unaolipakia kila unapoanza likiwa la kusomwa tu. Wengi huandika humo maneno ya jumla kama "andika msimbo safi". Hayo hayasaidii chochote. Andika yale ambayo mgeni hawezi kuyajua hata akisoma mradi mzima. Haya ni machache kutoka kwenye langu:

"Kiasi chochote cha fedha ni Decimal. Usitumie float popote."

"Zungusha hadi shilingi nzima mwishoni mwa hesabu, si katikati."

"Majina ya vitu vya biashara ni ya Kiswahili: Mwanachama, Mkopo, Rejesho, Hisa, Akiba. Usiyatafsiri."

"Muamala haufutwi wala haubadilishwi. Uliokosewa unarekebishwa kwa muamala wa kinyume."

"Namba ya simu inahifadhiwa ikianza na 255, bila alama ya kujumlisha."

Bila mstari wa majina, modeli yoyote itakuletea Loan na Repayment katikati ya Mkopo na Rejesho, na ripo inakuwa na lugha mbili kwa kitu kimoja. Mstari wa muamala una uzito zaidi. Modeli zimesoma mifano mingi ya mifumo ambapo kitufe cha kufuta kinafuta kweli. Kwenye vitabu vya hesabu vya SACCOS, mkaguzi akija anataka kuona kosa na sahihisho lake, vyote viwili. Hilo hulisemi mara moja kwenye mazungumzo ukategemea likumbukwe wiki ijayo. Unaliandika kwenye faili.

Hapa nionyeshe kazi moja kwa karibu. Bodi iliamua kwamba faini ya kuchelewesha rejesho ianze kuhesabiwa baada ya siku 7 za msamaha, na isizidi riba ya mwezi husika. Kwanza niliandika mwenyewe majaribio (vipande vya msimbo vinavyopima kama hesabu ziko sawa), likiwemo moja linalosema kwamba siku ya 7 yenyewe haina faini. Kisha nikafungua Aider, `/add mikopo/faini.py`, na faili la majaribio nikaliingiza kwa `/read-only` ili lisomwe bila kuguswa. Nikaandika uamuzi wa bodi kama ulivyo. Jibu la kwanza lilikuwa zuri kwa macho, lakini lilitumia kubwa-au-sawa mahali palipotakiwa kubwa peke yake, kwa hiyo siku ya 7 ikatozwa. Kwa kuwa `auto-test` imewashwa, pytest, programu inayoendesha majaribio, ilijiendesha yenyewe, jaribio likaanguka, Aider ikaniuliza kama ijaribu kusahihisha, nikakubali, matokeo yakarudi kwenye modeli, ikasahihisha alama ile moja na majaribio yote yakapita. Zaidi ya kukubali huko, mimi sikuandika neno.

Siku moja ya faini kwa mwanachama mmoja ni fedha ndogo. Kwa wanachama wote wanaorejesha mwisho wa mwezi ni malalamiko ofisini asubuhi ya Jumatatu, na ni haki yao kulalamika. Ndiyo maana nasema waziwazi: bila majaribio, usiiruhusu Aider wala msaidizi mwingine yeyote aguse hesabu za fedha. Majaribio ya mipaka uyaandike wewe, kwa mkono wako, kwa sababu wewe ndiye uliyekaa na mhasibu.

Upande wa Git umefikiriwa vizuri sana. Kila mabadiliko yanaingia kama komiti yake (rekodi ya mabadiliko ndani ya Git) yenye maelezo. Kama ulikuwa na kazi ambayo hujaihifadhi kwenye faili husika, inaihifadhi kwanza kwa komiti tofauti ili ya kwako na ya kwake yasichanganyike. Komiti inawekewa alama ya Aider, iwe neno `(aider)` kwenye jina la mwandishi au mstari wa `Co-authored-by`, kutegemea toleo na mipangilio, kwa hiyo mkaguzi wa msimbo anaweza kuorodhesha yote iliyoandika kwa amri moja ya `git log`. Hujaridhika? `/undo`, komiti ya mwisho inaondoka. Mimi hufanya kazi kwenye tawi la pembeni, naziacha komiti zijilundike, halafu naziunganisha kuwa moja kabla ya kuingiza kwenye tawi kuu. Asiyependa kabisa komiti za kujiendesha ana `--no-auto-commits`.

Kabla ya kugusa chochote kikubwa natumia `/ask`. Hali hiyo haibadilishi faili, mnajadiliana tu. Nauliza ingefanyaje, naipinga, inarekebisha mpango, na tukikubaliana naandika `/code` na kuiambia iendelee. Kuna pia `/architect`, ambapo modeli moja inapanga na nyingine inaandika. Inafaa pale unapotaka modeli ya gharama ifikiri na ya bei nafuu ifanye kazi ya mikono. Kwa marekebisho madogo ni kupoteza muda.

Faili la tatu, `.aiderignore`, lina mistari michache lakini silifanyii mzaha. Linaandikwa kwa mtindo uleule wa `.gitignore`, na yaliyotajwa humo Aider haiyagusi. Humo nimeweka folda ya data za mfano, ripoti zilizotolewa, na chochote kilichowahi kutoka kwenye hifadhidata halisi. Kumbuka kwamba, isipokuwa modeli iwe kwenye mashine yako mwenyewe, kila unachokiongeza kwenye mazungumzo kinasafiri kwenda kwenye seva ya mwenye modeli, nje ya nchi. Tanzania tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kufanya kazi Mei 2023, na imeweka masharti juu ya kupeleka taarifa za watu nje ya mipaka. Majina, namba za NIDA na marejesho ya wanachama si vya kubandika kwenye msaidizi wa msimbo, hata kama unatafuta kasoro usiku wa manane na data halisi ndiyo inayoionyesha. Tengeneza data za kubuni zenye umbo lilelile. Angalia pia faili la `.aider.chat.history.md` linalojengeka kwenye mzizi wa ripo: mazungumzo yako yote yamo, pamoja na kila ulichobandika.

Mapungufu yapo. Kwenye ripo kubwa, ile ramani ya msimbo ambayo Aider inaitengeneza ili modeli ijue kilichomo ina nafasi ndogo kwa kuanzia. Inabidi uiongeze kwa `map-tokens`, na gharama inapanda nayo. Inataka mtu anayeujua mradi wake, kwa sababu ukiongeza faili isiyo yenyewe, modeli itajitahidi kutatua tatizo mahali lisipokuwepo. Kwa kijana anayejifunza kuandika programu leo, ningemwambia akae kwenye `/ask` miezi ya mwanzo na msimbo auandike mwenyewe. Nina vijana wawili ninaowasimamia na ndivyo tulivyokubaliana.

Kwa asiye na kadi kuna njia ambayo haitajwi sana. Amri ya `/copy-context` inakusanya mafaili uliyochagua pamoja na ramani ya msimbo kwenye ubao wa kunakili (clipboard), ukayapeleke kwenye dirisha la mazungumzo la bure la modeli yoyote kwenye kivinjari. Mabadiliko unayarudisha kwa mkono, lakini unapata maandalizi yote ya muktadha bila kulipa.

Njia nyingine ni Ollama, programu ya kuweka na kuendesha modeli kwenye mashine yako. Nimejaribu `qwen2.5-coder:7b`, ambayo kuipakua ni kama GB 4.7, kwa hiyo tafuta Wi-Fi nzuri kabla ya kumaliza bando. Unaiita kwa `--model ollama_chat/qwen2.5-coder:7b` na intaneti haihitajiki tena. Kwenye laptopu yenye RAM ya GB 16 bila kadi ya michoro inajibu polepole, na kwenye kazi inayogusa mafaili kadhaa inachanganya. Lakini kuandika maelezo ya kazi za Python, kupendekeza majaribio ya ziada, au kueleza kipande cha msimbo wa zamani, inafaa kabisa. Na kwa kuwa hakuna kinachotoka kwenye mashine, humo ndimo ninamochunguza kumbukumbu za hitilafu ambazo zina taarifa nisizotaka zivuke ziwa, sembuse bahari.