Netflix kwenye nyumba yenye kijana wa sekondari: kufuli lake linafika wapi

Wazazi wenzangu hapa Chumbageni wamekuwa wakiniuliza sana kuhusu Netflix, hasa baada ya kusikia watoto wa sekondari wanapeana 13 Reasons Why, tamthilia yao ya Kimarekani kuhusu msichana aliyejiua, kwa hiyo naandika mara moja ili kila anayeuliza nimtumie hii. Sitaongelea picha kuwa kali wala bando kuisha, hayo mnayajua. Naongelea kitu kimoja tu, ukiwa na kijana wa miaka 13 mpaka 17 ndani ya nyumba, je hii huduma inakusaidia chochote siku atakapokutana na tamthilia inayoonyesha mtu anajiua? Mimi naona inasaidia, tena kuna vitu wamevifanya vizuri, ila sehemu kubwa ya kazi imebaki kwako mzazi na hakuna pini itakayokufanyia.

Tuanze na kufuli. Ndani ya akaunti kila mtu anakuwa na profaili yake, na kila profaili unaiwekea kikomo cha umri, ukiweka miaka 13 basi vitu vya watu wazima havimtokei mtoto kabisa. Unaweza pia kuandika jina la tamthilia moja moja ikafichwa kwake hata akiitafuta, alafu profaili yako mwenyewe ukaiwekea pini ya tarakimu 4 asije akapitia mlango huo. Kuna sehemu unaona kaangalia nini na siku gani. Na kuna sehemu ya kuzima ile tabia ya episodi kujiendesha yenyewe, hii wengi hawaijui na kwangu mimi ndio muhimu kuliko zote, maana mtoto akimaliza episodi nzito anatakiwa apate kimya kidogo, ainuke, akanywe maji, akuone wewe umekaa pale, sio sekunde chache tu keshaburutwa kwenye nyingine. Mipangilio hii ingia kwenye akaunti kwa brauza, chagua profaili ya mtoto, utaikuta. Kwa mtoto wa darasa la tano linatosha sana, nawapa alama zote.

Kwa wa kidato cha pili kwenda juu halitoshi na sababu iko hapa hapa Tanga mjini. Shuka Ngamiani uone vibanda vya kujaza muvi, unakwenda na flashi unataja jina unajaziwa sizoni nzima, hakuna anayekuuliza una miaka mingapi. Ikitoka hapo inahamia kwenye simu ya huyu na yule, bweni zima linayo. Kule hakuna alama ya umri wala kikomo chochote. Na kuna jambo wazazi wengi hawalijui, Julai 2019 Netflix wenyewe waliondoa tukio la kujiua kwenye episodi ya mwisho ya sizoni ya kwanza ya 13 Reasons Why baada ya kushauriwa na wataalamu, lakini tamthilia ilitoka Machi 2017, yaani kwa miaka miwili na kitu tukio lile lilikuwepo na watu walishalishusha. Kopi za zamani bado zinazunguka. Kwa hiyo mwanao anaweza akawa ameona kitu ambacho wewe ukifungua Netflix leo hukioni, ukadhani mmeangalia kitu kimoja kumbe hapana.

Kwa ambaye hajaiona, ni habari ya msichana wa sekondari huko Marekani, Hannah Baker, ambaye anajiua na kuacha kanda za kaseti, kila upande wa kanda unaeleza mtu mmoja alimfanyia nini. Mambo yaliyomo ni ya kweli kwenye maisha ya vijana, kusengenywa, picha kusambazwa, kubakwa, na walioitengeneza walithubutu kuyaweka wazi. Hilo nawapa heshima yao. Watoto wetu picha zinasambazwa pia, tusijidanganye.

Shida yangu iko sehemu mbili. Ya kwanza ni zile kanda zenyewe. Huyu binti amekufa lakini bado anaongea, waliomuumiza wanasikiliza na wengine wanalia, yaani kifo kinaonyeshwa kama ndio njia ya kusikilizwa. Mtoto wa miaka 14 aliyeumizwa akiangalia hivyo anaondoka na nini? Kwenye ukweli aliyekufa hasikii mtu akimlilia, harudi kuona nani kajuta. Ya pili, anakwenda kwa mshauri wa shule na yule mshauri anashindwa kumsaidia, na mtoto anatoka na picha kwamba ukiwaambia watu wazima ni bure tu. Kwangu hii ni mbaya kuliko hata lile tukio waliloliondoa, na yenyewe ipo mpaka leo.

Sio mimi tu ninayewaza hivi. Kuna utafiti ulitoka Marekani 2019 ukaonyesha vifo vya kujiua kwa wenye umri wa miaka 10 mpaka 17 viliongezeka kwa asilimia 28.9 mwezi Aprili 2017, yaani mwezi uliofuata baada ya tamthilia kutoka, ingawa watafiti wenyewe walisema wazi hawawezi kuthibitisha kuwa ndio chanzo. New Zealand nao hawakuipiga marufuku, waliiwekea alama mpya kwamba aliye chini ya miaka 18 aiangalie pamoja na mzazi au mlezi. Huo uamuzi naupenda mno. Hata Netflix baadaye waliweka kipande mwanzoni ambapo waigizaji wanaongea na mtazamaji, kwamba kama unapitia hali ngumu huenda hii isikufae, au uiangalie ukiwa na mtu mzima unayemwamini.

Basi mimi nikakaa nayo na binti yangu wa kidato cha tatu. Aliniambia mwenyewe kuwa darasani wote wameshaiona, nikamwambia sawa, tutaangalia wote, mchana, episodi moja moja, na tukimaliza tunazima. Tukafika pale kwa mshauri wa shule nikasimamisha. Alikuwa anamenya chungwa, machungwa ya Muheza yamejaa kwenye kapu, macho yako kwenye kisu. Nikamuuliza, "Ungekuwa wewe ungeenda kwa nani?" Akasema, "Kwa mwalimu siendi mama, kesho yake utasikia paredi." Nikanyamaza. Akaongeza, "Na wewe ningekwambia ungelia, alafu ungempigia bibi." Nikamwambia kulia naweza nikalia mwanangu, ila nikilia haina maana sitaki kusikia, na bibi sitampigia mpaka mimi na wewe tukubaliane, isipokuwa kama maisha yako yako hatarini, hapo nitatafuta msaada hata ukinikasirikia. Alafu nikamuuliza lile swali lenyewe kwa jina lake, "Umewahi kufikiria kujiua?" Kimya kikawa kirefu kwangu, yeye anamenya tu. Akasema, "Mimi hapana. Ila kuna mwenzangu anaandika vitu kwenye status."

Hapo ndio faida ya kukaa pamoja. Huyo mwenzake nisingemjua kwa kufuli lolote. Tuliongea mimi na shangazi yake anayeishi naye, yule mama akakaa na mtoto akamsikiliza, akampeleka hospitali, sasa yuko shuleni anaendelea na bado anaonana na mtaalamu. Zaidi ya hapo ni habari yao.

Najua mzazi mwenzangu unaogopa, ukitaja neno utakuwa umempa wazo. Haiko hivyo, na Shirika la Afya Duniani limelisema wazi, kumuuliza mtu kama anafikiria kujiua hakumsukumi afanye, mara nyingi kunampa nafuu kwamba kumbe linaongeleka. Wazo kama lipo lilishaingia, kwa flashi au kwa maisha yake mwenyewe, wewe unachofanya ni kumwondolea upweke. Na sio jambo la Ulaya kama tunavyopenda kusema, shirika hilo hilo linahesabu zaidi ya watu 720,000 duniani wanaokufa kwa kujiua kila mwaka, na kwa umri wa miaka 15 mpaka 29 ni sababu ya tatu ya vifo.

Kinachotufunga midomo ni vitu vingine. Dini zetu zinakataza na mimi nakubaliana nazo kabisa, ila ukianza mazungumzo na moto wa jahanamu mtoto atakuitikia "sawa mama" alafu hutasikia tena lolote. Anza kwa kusikiliza, mambo ya dini yatakuja kwa wakati wake na yatamfariji badala ya kumtisha. Kuna sheria pia, kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu bado kinasema kujaribu kujiua ni kosa la jinai, kwa hiyo familia inaficha, haiendi hata hospitali. Kenya wenzetu Mahakama Kuu yao Januari 2025 ilisema kifungu chao cha namna hiyo kinapingana na Katiba, natamani na sisi tufike huko. Na kuna Lutindi. Hospitali ya watu, iko kule milimani Korogwe tangu enzi za Mjerumani inatibu wagonjwa wa akili, lakini mtoto akionekana mnyonge kidogo watu wanamwambia utapelekwa Lutindi. Mtoto aliyekua anasikia hivyo atakuambia vipi kwamba usiku halali?

Watu wa pwani tulikuwa na njia yetu. Msichana alikuwa na somo wake, mtu mzima asiye mama yake, ambaye anamwambia ya ndani na hayatoki. Siku hizi somo tunamkumbuka ikikaribia harusi tu. Kama mwanao hawezi kukwambia wewe, na wengine hawawezi kweli, muulize ni mtu mzima gani angemwambia, shangazi, mjomba, bibi, ustadhi, mchungaji, kisha wewe ukaongee na huyo mtu mapema ajue ana kazi hiyo. Watoto wa kiume ndio usiseme, wao tumewazoesha kuambiwa mwanaume halii, na hakuna hata wa kuwauliza.

Ukikaa naye kuangalia, usiangalie muvi tu, mwangalie na yeye. Muulize huyu dada angemwambia nani, rafiki zake wangefanya nini, ni wapi mtu angeweza kumshika mkono. Usimwambie "huyu mjinga" maana kama na yeye amewahi kuwaza hivyo umeshamwita mjinga. Na akikwambia ndiyo, amewahi kufikiria, usipige kelele, usimwache peke yake, vidonge na dawa za shambani zifungiwe mbali, na siku hiyo hiyo mpelekeni hospitali, kwa sisi wa mjini Bombo ipo. Vivyo hivyo ukimsikia anasema yeye ni mzigo, ameanza kugawa vitu vyake anavyovipenda, amejitenga ghafla na kulala kumebadilika, usisubiri mpaka shule zifunge. Namba 116 ni ya simu kwa ajili ya mtoto, ni bure, anaweza kupiga yeye mwenyewe au ukapiga wewe kuomba ushauri.

Sasa alama. Kufuli la Netflix kwa watoto wadogo 5 kati ya 5. Kwa vijana 3, sio kwamba ni baya, ila linafunga mlango mmoja na nyumba ina milango sita. Ile ya kuzima episodi zisijiendeshe ningependa ije imezimwa tayari kwenye profaili za vijana, sio mzazi aitafute. Maonyo mwanzoni mwa episodi mazuri, lakini yale ya tamthilia hii wanaongea Kiingereza, na bibi yake anayeshinda naye nyumbani wakati mimi niko kazini hawezi kujua kinachosemwa. Wakiyaweka kwa Kiswahili hata maneno mawili tu, "kuna tukio la kujiua", yatamsaidia sana.

Tamthilia yenyewe siipendekezi kwa chini ya miaka 16 hata kwa kukaa naye, na kwa kijana ambaye amefiwa hivi karibuni au unaona hayuko sawa, isubiri, hata akiwa na miaka 17. Kama ameshaiona kwenye flashi usimgombeze, mwambie na wewe unataka kuiona, akuonyeshe.

Nitaendelea kulipia. Sizoni ya pili binti ameniambia haina haja, ameomba tuangalie mashindano ya mapishi.