Ugawaji wa diski katika Ubuntu Server 24.04: mzuri, lakini soma kabla ya kubonyeza "Done"

Kisakinishi cha Ubuntu Server 24.04 LTS huja na kisanduku cha LVM (mfumo wa kugawa diski kwa sehemu zinazoweza kubadilishwa ukubwa baadaye) kikiwa tayari kimetiwa alama. Acha hivyo hivyo. Kinachowachanganya wengi ni kwamba root (/, sehemu kuu yenye mfumo wenyewe) haipewi nafasi yote: diski ikizidi GiB 200, root hupata GiB 100 tu, ikiwa kati ya 20 na 200, hupata nusu ya nafasi iliyopo. Ndiyo maana mtu anafunga diski ya TB 1, anaandika `df -h` (amri ya kuonyesha nafasi ya diski), anaona takriban GB 98 na kudhani diski ni mbovu.

Nafasi haijapotea, imo ndani ya ubuntu-vg, yaani kapu la LVM ambamo sehemu zote hukatwa. Kwa maoni yangu huo ni uamuzi sahihi kabisa, kwa sababu ext4 (mfumo wa faili wa root) huongezwa seva ikiendelea na kazi, ilhali kuipunguza root kunalazimu kuwasha mashine kwa diski nyingine. Kuongeza ni amri moja:

`sudo lvextend -r -L +20G /dev/ubuntu-vg/ubuntu-lv`

Ukisahau `-r`, LV (sehemu iliyokatwa kwenye ubuntu-vg) itakua lakini mfumo wa faili ulio ndani yake hautakua, na `df` haitabadilika hadi uendeshe `resize2fs`. Lawama yangu ni kwamba nafasi hiyo huonyeshwa kwa mstari mmoja tu kwenye muhtasari, bila maelezo yoyote.

Udhaifu mkubwa zaidi ni kukosa mpangilio ulio tayari wenye /var (folda ya data inayobadilika kila mara) ya peke yake, ambao Debian inao miaka mingi. Kwa seva ya Docker (programu ya kuendesha kontena) au hifadhidata, itengeneze mwenyewe kwenye ukurasa huo huo: chagua nafasi huru ya ubuntu-vg, kisha "Create Logical Volume", ext4, /var. Humo ndimo zinamokaa /var/lib/docker, /var/lib/mysql na /var/lib/postgresql. Tenga pia /var/log, folda ya logi (kumbukumbu za matukio ya mfumo). GiB 10 zinatosha seva ya kawaida. Journald, huduma ya kuhifadhi logi za mfumo, hujiwekea kikomo cha asilimia 10 ya mfumo wa faili, isizidi GiB 4, lakini logi za nginx na programu zako hutegemea logrotate (programu ya kufuta logi za zamani), na mipangilio yake ikikosewa logi hujaza kila kitu: hifadhidata inagoma kuandika, `apt` inakwama katikati. Usigawe yote, bakiza walau sehemu ya tano, maana hata snapshoti za LVM (nakala za hali ya diski kwa wakati fulani) zinahitaji nafasi huru.

/boot (sehemu ya faili za kuwashia mfumo) ya GiB 2 inatosha kerneli kadhaa, sina neno hapo.

Kwa RAID 1 ya diski mbili (kila diski ikiwa nakala ya nyingine) kuwa mwangalifu zaidi. Diski ya kwanza ipe "Use As Boot Device", ya pili "Add As Another Boot Device", ndipo uunganishe patisheni zilizobaki ziwe md0, yaani diski moja ya RAID. Wengi huruka hatua ya pili. Diski ya kwanza ikifa, data iko salama kwenye ya pili, lakini seva haiwaki kwa kuwa patisheni ya EFI (yenye faili za kuanzisha mashine) ilikuwa upande mmoja tu.